Moja Saba za Mwalimu

Mwalimu hakuwahi kuhesabu watoto. Kwetu Meru watoto hawahesabiwi, wala ng'ombe, wala mbuzi, kwa maana husemekana kilichohesabiwa hupungua. Ukianza kuwanyooshea kidole mmoja mmoja, nyanya yako atakukatiza kabla hujafika tano na kukuuliza unamwonyesha nani. Mwalimu alikuwa mzee wa kanisa, amesoma chuo cha ualimu, na ushirikina aliukemea kila Jumatatu kwenye paredi, lakini adabu hiyo aliishika. Shida ni kwamba rejista ilitaka idadi, na darasa letu pale Ruiri lilikuwa kubwa.

Kwa hiyo alitupanga. Kwanza watatu watatu. Hakutazama mistari iliyotimia, alitazama waliobaki nyuma bila wenzao. "Wawili," alisema. Kisha watano watano. "Watatu." Kisha saba saba. "Wanne." Akafumba jicho moja, midomo ikacheza kidogo, akaandika kwenye rejista: 53. Tuliamini ni uganga mpaka tulipofika darasa la saba akatufundisha njia yake. Baki la tatu lizidishe kwa sabini, baki la tano kwa ishirini na moja, baki la saba kwa kumi na tano, jumlisha, kisha ondoa mia moja na tano mpaka isiondoke tena. Nilijaribu kwa maharage ya mama yangu na yalikubali. "Sijahesabu mtoto wa mtu," alituambia. "Nimeuliza tu nani amebaki."

Siku tuliyopelekwa Embu kuona maonyesho ya kilimo alitupanga vilevile getini wakati wa kurudi, watu wakitutazama kama wehu. Mabaki yakaja moja, mbili, tatu, kila moja pungufu kwa moja. "Kuna mtu hayuko," akasema, na mwalimu mwenzake alikuwa bado anaita jina la tatu kwenye orodha. Aliyekosekana ni Mutwiri. Tulimkuta nyuma ya banda la sungura, amelala, kofia usoni. Mwalimu hakumchapa. Alimwambia tu kwamba amegharimu darasa zima mabaki matatu, na Mutwiri akatubu kwa kosa ambalo hakulielewa.

Sijui kama nimemweleza vizuri. Alikuwa mrefu, mwembamba, na sweta ya kijani aliyoivaa hata tulipokwenda Mitunguu ambako joto linamvua mtu hata soksi. Chaki mpya aliivunja vipande viwili kabla ya kuitumia. Alisema chaki nzima inajivuna na kupiga kelele ubaoni. Majina yetu aliyachanganya mwaka mzima. Mimi alinikumbuka kwa sababu baba yangu alikuwa fundi wa mawe, basi nikawa Kendi wa Mawe, na jina hilo limenikaa mpaka leo, maana na mimi nilirithi patasi.

Hakuweza kuiona namba akaiacha ipite. Kanisani mchungaji akitangaza, "Wimbo wa tisini na moja," ungemsikia kwenye benchi la wazee akinong'ona, "Saba kwa kumi na tatu," na mke wake, ambaye sote tulimwita Mama Mwalimu, akimfinya pajani. Tisini na moja aliichukia kidogo. Alisema inajifanya namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, na watu wengi wazima wamedanganywa nayo. Shemeji yake alipowaletea ndizi kutoka Mitunguu, Mwalimu alizichambua kwenye mkungu na kuzipanga mezani kwa safu zilizo sawa. Zikikataa kupangika, maana yake ni tasa, alikula moja ili zilizobaki zikubali. Mama Mwalimu aliapa kwamba ndizi za nyumba yake huwa tasa mara nyingi kuliko za watu wengine.

Sasa, mtu huyo huyo aliyejua baki la kila kitu hakujua saa. Ukiambiwa na Mwalimu "saa nne kamili," nenda ukapalilie kwanza. Alisahau mikutano, alisahau mwavuli, siku moja alisahau kwamba ni Jumamosi akaja shuleni, akaandika somo zima ubaoni, na Jumatatu akashangaa nani ameingia darasani kwake na kuandika vizuri hivyo. Lakini ukimpa jibu bila njia, hapo hakusahau. Alikupa sifuri hata kama jibu ni sahihi. Mutwiri aliwahi kupata sifuri kwa maswali ishirini aliyoyapata yote, na baba yake, mnunuzi wa miraa aliyekuwa akishinda Laare, akaja shuleni na buti zake kudai haki ya mtoto.

"Mwalimu, hii majibu ni ya ukweli ama si ya ukweli?"

"Ni ya ukweli, Mzee."

"Sasa sifuri imetoka wapi?"

"Mzee, asubuhi ukikuta ng'ombe yako kwangu, na mimi nikuambie ni yangu, utaniuliza nini?"

Mzee akafikiri. "Nitauliza imepitia wapi."

"Ndiyo hiyo tu. Mimi nauliza Mutwiri, hii jibu imepitia wapi?"

Baba mtu akaondoka ameridhika, na Mutwiri akapata kichapo nyumbani ambacho Mwalimu hakukipanga.

"Onyesha njia." Ukimuuliza mwanafunzi wake yeyote, yuko Nanyuki au Nairobi au anachunga mbuzi hapo Ruiri, atakuambia maneno hayo kabla hujamaliza swali. Mwingine atakuambia: "Usiseme imekataa, sema imebakiza ngapi." Na wote, bila kukosa mmoja, watakutajia Moja Saba.

Moja Saba ni namba. Ni moja saba zilizoandikwa mfululizo: 1,111,111. Ilizaliwa darasani kwa sababu ya woga wetu. Kwa Kimeru saba ni mugwanja, na wapo wazee ambao mpaka leo hawapendi kuitaja, wala kuanza safari wakiwa watu saba, wala kupanda mbegu saba shimoni. Siku moja msichana mmoja alikataa kukaa dawati la saba. Mwalimu hakumgombeza. Aligeuka ubaoni, akaandika moja, akaandika nyingine, mpaka zikawa saba.

"Mnaogopa saba? Haya, nimewapa saba nzima. Nani ataivunja?"

Tulianza na mbili, ikabaki moja. Tatu ikabakiza moja. Tano ikabakiza moja. Saba yenyewe, tuliyokuwa tunaiogopa, ikabakiza moja. Tukaenda kumi na moja, ikabaki moja. Kumi na tatu, moja. Akaturusha mpaka thelathini na saba: moja. Nakumbuka nywele zilinisimama. Sijui kama umewahi kuwa mtoto ukaona kitu kikubwa kinakataa kuvunjika, na kila anayekuja kukivunja anaondoka, moja imebaki palepale inakutazama.

Ni kweli namba nyingine tulizojaribu zilibakiza nane, zilibakiza kumi, lakini kubakiza ni kubakiza. Mwalimu akatueleza kwamba hakuna haja ya kujaribu hadi milioni. Ikiwa inagawanyika kwa namba mbili, moja kati ya hizo lazima iwe ndogo, isiyozidi elfu moja hamsini na nne. "Ukifika hapo ukakosa, funga daftari. Hiyo ni tasa." Mtu akauliza kama yeye mwenyewe amefika hapo. Akasema atamaliza wikendi hiyo. Jumatatu tukamuuliza tena kama amemaliza, naye akasema, "Ndiyo. Ni tasa." Tulipiga makofi.

Kuanzia hapo namba ile haikuwa yetu peke yetu. Fundi wa rangi aliiandika kwenye tangi la maji la shule. Kwenye mechi tulipiga kelele "Moja Saba!" na wenzetu wa ng'ambo ya mto hawakujua tunawatukana au tunaomba. Mwalimu mkuu mmoja baada ya mwingine aliikuta na kuiongezea maneno, mpaka ikawa ndiyo kaulimbiu ya shule: Hatugawanyiki. Watoto wa wazazi waliokuwa wakigombea mipaka ya mashamba walisimama pamoja paredi wakiimba namba isiyogawanyika. Mwalimu alisimama pembeni. Nilidhani ni unyenyekevu.

Mimi niliivunja nikiwa darasa la nane.

Sijisifu, maana sikuivunja kwa akili, niliivunja kwa uvivu. Kila mtoto aliyejaribu alianza na mbili, tatu, tano, akapanda, akachoka akifika sitini au sabini. Mimi nikawaza: hao wote wameshapita hapo chini, kwa nini nirudie kazi ya watu? Nikaanzia juu ya mia mbili, nikigawa kwa namba tasa tu. Mia mbili na kumi na moja ikabakiza mia na tisini na sita. Nikaendelea. Mia mbili ishirini na tisa ikabakiza tatu tu, nikapata moto. Mia mbili thelathini na tatu, ikakataa. Kisha mia mbili thelathini na tisa. Niligawa nikafika mwisho na hapakuwa na kitu. Nikarudia. Nikarudia tena kwa mkono wa kushoto, kama vile mkono ndio ulikuwa na makosa. Sifuri.

Nilikimbia na karatasi mpaka mlango wa ofisi ya walimu, na hapo nikasimama, kwa sababu ndani mwalimu mkuu wa wakati huo alikuwa anamsema. Alimsema mbele ya walimu wenzake. Kwamba anapoteza muda wa watoto na mambo yasiyo kwenye mtihani, kwamba namba zake hazitamfikisha mtu sekondari. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa. Alijibu kitu kimoja tu: "Hiyo namba ndiyo imefanya wapende hesabu, mheshimiwa. Niachie hiyo moja."

Niachie hiyo moja. Nilikunja karatasi nikarudi darasani. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilimpenda Mwalimu kwa namna mtoto anavyompenda mtu mzima aliyemwona. Nikasema nitamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa muhula ujao, ukaja mtihani, ikaja sekondari, nikaolewa Meru mjini, nikafungua karakana yangu ya mawe kule Makutano. Jambo dogo ukilichelewesha linaota mizizi. Kila nilipomwona nilijisikia kama mtu aliyeingia nyumbani kwa mwenyeji na kuona kitu ambacho hakupaswa kukiona.

Na nilimwona mara nyingi. Alikuja kwangu kuagiza jiwe la kaburi la mama yake. Alikaa kwenye kiti cha wateja saa nzima akitazama nikipima nafasi za herufi, kisha akasema, "Kendi wa Mawe, unaanzia kushoto halafu unabanwa kulia. Gawa kwanza. Baki unaloliona, weka nusu yake huku na nusu huku." Nimechonga hivyo mpaka leo, na wateja husema maandishi yangu yametulia. Siku hiyo nilikuwa na nafasi ya kumwambia, tuko wawili tu. Nilimpa soda.

Alipostaafu, wakamfanyia sherehe shuleni, nikaenda. Mutwiri, sasa mhandisi wa barabara, alisimama akasema kwamba maishani ameona madaraja yakivunjika na ndoa zikivunjika lakini Moja Saba haijavunjika. Watu walicheka na kushangilia. Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nilijiambia tena kwamba ni unyenyekevu, lakini safari hii sikujiamini sana.

Mwaka huu mwalimu mkuu mpya, dada mmoja mchapakazi aliyesoma hapo hapo, akajenga chumba cha hesabu na kuamua kukipa jina la Mwalimu. Akanitumia maandishi ya jiwe kwenye simu: CHUMBA CHA HESABU. KWA HESHIMA YA MWALIMU WETU. 1,111,111 HAIGAWANYIKI, NASI HATUGAWANYIKI. Ufunguzi ni Jumamosi, wageni watatoka kaunti, watatoka chuo kikuu. Jiwe ni granaiti nyeusi, ambayo ukishaichonga umeichonga.

Nilichora mistari. Nikachonga CHUMBA. Nikachonga mpaka WETU. Kisha mkono ukagoma. Nimechonga uongo mwingi mdogo katika kazi hii, nimeandika "mume mpendwa" huku mjane akinitazama tukielewana, lakini huu ulikuwa tofauti. Siku hizi mtoto wa darasa la sita ana simu ya mama yake. Ataandika namba ile, ataambiwa inagawanyika, na atacheka mbele ya wageni, na Mwalimu atakuwa amekaa kiti cha mbele amevaa koti. Ningempigia mwalimu mkuu nikamweleza, ningekuwa nimemwanika Mwalimu kwa mlango wa nyuma. Ningenyamaza, ningekuwa nimemchongea aibu kwa mkono wangu mwenyewe. Alhamisi asubuhi nilifunga karakana nikapanda boda kwenda Ruiri, na njia nzima nilitafuta maneno, sikuyapata.

Nilimkuta zizini ananyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, pampu mgongoni, sweta ileile au dada yake. Miguu imedhoofika, anashika nguzo akigeuka, lakini sauti ni ileile.

"Kendi wa Mawe. Umekuja kunipima jeneza?"

"Ashindwe, Mwalimu. Nimekuja kuomba msaada. Kuna kazi imenishinda."

Mama Mwalimu akatuletea chai nje, akakaa na ungo wake wa maharage. Mwalimu alinawa, akavaa miwani, akakaa kwenye benchi. Alifurahi, niliona. Mstaafu akiombwa msaada wa kazi yake anakaa wima. Nikamwambia nina mgawanyo mmoja nataka aufanye yeye kwa mkono wake, nione. Akapasua karatasi ya mfuko wa chakula cha ng'ombe, akaomba kalamu.

"Leta."

"Milioni moja, laki moja, kumi na moja elfu, mia na kumi na moja."

Kalamu ilisimama. Hakunitazama. "Kwa ngapi?"

"Kwa mia mbili thelathini na tisa."

Mama Mwalimu aliacha kupepeta. Sijawahi kuona mtu akiandika polepole vile. Alichora ile nyumba ya mgawanyo, akaandika namba zote mbili, akaanza, na kwa mazoea yake akasema kwa sauti kama vile tuko darasani. "Elfu moja mia na kumi na moja, mara nne. Inabaki mia hamsini na tano. Teremsha moja. Mara sita. Inabaki mia na kumi na saba. Teremsha moja. Mara nne. Inabaki mia mbili na kumi na tano. Teremsha moja." Akafika elfu mbili mia moja hamsini na moja, na hapo akanyamaza. Alikuwa ameshajua. Nilimwona akizidisha kichwani, jicho moja limefumba. Aliandika tisa. Aliandika elfu mbili mia moja hamsini na moja chini ya mwenzake, akapiga mstari, akaweka sifuri.

Tulisikia ng'ombe wakitafuna.

Nilikuwa tayari kwa hasira, kwa machozi, kwa kufukuzwa. Alichofanya ni kuvua miwani, kuegemea ukuta, na kutoa pumzi ndefu, ndefu kuliko nilivyodhani kifua kile kinaweza kubeba. Kisha akaanza kucheka kwa ndani, mabega yakitingishika.

"Nilikuwa nimefika mia mbili thelathini na tatu," alisema.

"Mwalimu?"

"Ile wikendi. Jumapili baada ya kanisa nilikaa pale mezani, nikajaribu namba tasa zote, moja moja, njia yote imeandikwa. Nikafika mia mbili thelathini na tatu. Halafu ng'ombe ikaanza kuzaa, ndama imelala vibaya. Muulize huyu."

"Ilitoka na miguu ya nyuma," Mama Mwalimu alisema. "Tulivuta mpaka jioni."

"Tulivuta mpaka jioni. Nikachoka. Nikasema nitamalizia. Jumatatu mkaniuliza, 'Mwalimu umemaliza?' Na mlikuwa mnaniangalia vile." Alifuta macho na ncha ya sweta. "Nikasema ndiyo. Hiyo ndiyo tu. Ndiyo moja. Kumbe mia mbili thelathini na tisa ilikuwa ndiyo inafuata. Moja tu mbele, Kendi. Ningevuta kiti kidogo tu."

"Na baadaye hukurudi?"

"Niliogopa." Alilisema wazi, bila kulipamba. "Wakaandika kwa tangi. Wakaanza kuimba. Nikasema, nikiendelea nikute inagawanyika, nitawaambia nini hawa watoto? Mimi nawapigia kelele onyesheni njia, na yangu iko kwa droo imekatika katikati. Kila Saturday wakiniita mkutano wa shule tumbo inakata."

"Mimi nilikuwa nadhani ni vidonda," Mama Mwalimu akasema. "Nimempikia uji wa wimbi miaka na miaka. Si ungesema tu, baba? Mficha uchi hazai."

"Na ungenisaidia kugawa?"

"Ningekusaidia kulala."

Nilianza kucheka na nikashindwa kuacha. Kitu fulani kilikuwa kimeshuka mabegani mwangu, nikagundua tu kwamba nilikuwa nimekibeba kwa jinsi shingo ilivyolegea. Mwalimu alinitazama, na jicho lake la darasani likarudi.

"Wewe hukuja na hii leo. Hiyo mia mbili thelathini na tisa ulijua lini?"

Sikuweza kumdanganya mtu aliyetoka kuungama. "Darasa la nane, Mwalimu. Nilikuja nayo mpaka ofisini. Nikakuta mwalimu mkuu anakusema. Ukamwambia akuachie hiyo moja."

Alikunja ile karatasi, akaikunjua tena, akailainisha gotini.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

"Miaka kumi na minne. Na umenibebea mpaka leo."

"Ndiyo."

"Pole, mwanangu," alisema. "Hiyo haikuwa mzigo ya mtoto. Pole sana."

Nililia kidogo pale, sioni haya kusema. Mama Mwalimu akanisogezea chai, ikiwa imeshapoa, nikainywa yote. Nilidhani nilikuja kumwokoa mzee na aibu, kumbe sote wawili tulikuwa tumesimama pande mbili za mlango mmoja, kila mmoja akiuzuia ili mwenzake asiumie.

Kisha nikamweleza habari ya jiwe. Nilimwambia maandishi yalivyo na nimefika wapi, na kwamba nafasi iliyobaki inatosha kuandika kitu kingine, au kuacha namba peke yake bila maneno, hakuna atakayejua. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba simu, akampigia mwalimu mkuu, akaweka sauti ya juu kwa sababu masikio siku hizi hayamsaidii.

"Mwalimu mkuu, niko hapa na Kendi wa Mawe. Ile jiwe tunabadilisha maneno."

"Sawa Mwalimu, kuna spelling imekosewa?"

"Hapana. Andika hivi. Mwalimu alisema haigawanyiki. Alikosea. Halafu chini: mia mbili thelathini na tisa mara elfu nne mia sita arobaini na tisa."

Tulisikia akifunga mlango upande wa pili.

"Mwalimu, lakini... hiyo ni motto ya shule. Wageni wanakuja. Watu watasema nini?"

"Watasema nilikosea. Si ni ukweli?"

"Na watoto? Tunawaambia nini sasa, kwamba tunagawanyika?"

"Waambie kila kitu kikubwa kinagawanyika, mama. Kazi ni kujua kwa ngapi." Alisema hivyo bila kujitahidi, huku akimfukuza nzi.

Nimechonga majina ya watu wengi. Wachungaji, machifu, akina mama, mtu mmoja aliyeagiza lake akiwa bado hai. Hakuna hata mmoja aliyeniomba niandike kwamba alikosea. Nilikuwa nimeshaanza kupima kichwani herufi za neno ALIKOSEA, ngapi kushoto na ngapi kulia, nikaona litakaa katikati kabisa.

Kwenye simu yule dada alikuwa bado anahangaika. Alisema afadhali wapate mtu wa chuo kikuu aangalie kwanza, kwa sababu mambo ya granaiti hayafutiki.

"Mwalimu, kwa heshima," alisema, "una uhakika?"

Mwalimu alivaa miwani yake. Akaivuta ile karatasi ya mfuko karibu na macho, akashuka na kidole mstari kwa mstari, kutoka moja ya kwanza mpaka sifuri.

"Nina uhakika," alisema. "Hii nimemaliza."